Bodi ya getini inasema siku 312 bila ajali, mbona moyo hautulii?

Dada mmoja aliyesomea uhandisi wa mitambo kaniandikia hivi: "Shikamoo kaka. Mwezi uliopita nimepewa umeneja wa usalama, afya na mazingira kwenye kampuni yetu hapa Tanzania, tuna viwanda vitatu, yadi ya malori na watu kama 2,300 ukijumlisha vibarua. Aliyekuwepo kabla yangu kaacha mafaili yamenyooka, vyeti vyote vipo, na getini kuna bodi kubwa imeandikwa siku 312 bila ajali. Mkurugenzi anataka tufike 365 tuchinje ng'ombe. Ila nikipita kiwandani naona watu wana vidole vimefungwa bandeji na hakuna aliyewaandika popote. Nianzie wapi, na hiyo bodi niifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa cheo. Swali lako umeshalijibu nusu mwenyewe, hizo bandeji ndo ripoti yako ya kwanza ya kazi, zipige picha kichwani kabla hujafungua faili lolote.

Nikusimulie kitu. Kuna kiwanda nilifanya kazi miaka ya nyuma, jina tuliache, na sisi tulikuwa na bodi kama yenu, namba inabadilishwa kila asubuhi na mlinzi kwa chaki, na ikifika mwisho wa robo mwaka kama hamna ajali kila mtu anapata mfuko wa mchele na mafuta ya kupikia. Siku moja kijana wa kufungasha akabanwa kidole na mkanda wa kusafirishia mizigo, kucha ikatoka na nyama kidogo. Supavaiza wake akampakia kwenye bajaji, akampeleka duka la dawa la mtaani, akalipa kwa hela ya mfukoni, akamwambia akiulizwa aseme kajikata nyumbani anamenya muhogo. Na yule kijana akakubali bila hata kubishana, kwa sababu alijua akisema ukweli watu 400 wanakosa mchele na wote watajua ni yeye. Mimi nilikuwa sefti ofisa pale, nikaja kujua miezi miwili baadaye kwa bahati tu. Miezi minne baada ya hapo mkanda uleule, sehemu ileile, ukachukua mkono wa mtu mwingine mpaka kiwiko. Ule haukufichika.

Sasa mimi simlaumu sana supavaiza, yule alifanya alichofundishwa na bodi. Ukiweka zawadi kwenye namba unapata namba, basi, hujapata usalama. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua, na kampuni ikianza kuficha maradhi yake inakuwa hivyohivyo, tofauti ni kwamba anayeumbuliwa sio aliyeficha.

Na usidhani ni mambo ya viwanda vyetu vya huku tu. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka kwenye Ghuba ya Mexico, watu 11 wakafa, na siku hiyohiyo kulikuwa na vigogo wa kampuni wamepanda pale juu, pamoja na mambo mengine, kuwapongeza wafanyakazi kwa miaka saba bila mtu kuumia kiasi cha kukosa kazi. Miaka saba! Na miaka mitano kabla ya hapo, Machi 2005, kiwanda cha kusafisha mafuta cha kampuni ya BP kule Texas City, Marekani, kililipuka baada ya mnara wake kujaa petroli kupita kiasi, wakafa 15 na zaidi ya 170 wakajeruhiwa. Jopo la uchunguzi lililokaa baadaye chini ya James Baker, waziri wa zamani wa mambo ya nje wa Marekani, likasema wazi kwamba kampuni ilikuwa inaangalia takwimu za watu kuteleza na kujikata, takwimu zikiwa nzuri wakajua mambo yote mazuri, kumbe mnara unaojaa petroli kupita kiasi hauna habari na takwimu za kuteleza. Hapo ndo penye siri ya kazi yako. Mtu kuanguka kwenye ngazi na tanki kulipuka ni mambo mawili tofauti, hayaongozani, unaweza kuwa na miaka ya sifuri kwenye moja huku la pili linachemka taratibu.

Kwa hiyo nianzie wapi, unauliza. Anzia kwa mhasibu. Usicheke. Omba vocha za hela ndogondogo za miezi kumi na miwili, tafuta "bajaji hospitali", "dawa", "dharura", "msaada kwa mgonjwa". Halafu nenda zahanati ya kampuni kama ipo, uombe kitabu cha wagonjwa, bila majina ya magonjwa yao ya ndani wewe unatafuta majeraha tu, vidonda, macho, mgongo, kuungua. Halafu chukua rejista ya ajali uliyoachiwa. Viweke vitatu mezani ulinganishe. Mimi nimefanya hivyo sehemu tatu tofauti na kila mara hesabu hazikukubaliana hata kidogo, na ile tofauti ndo ukubwa wa uongo wa mahali, ukishaujua unajua unaanzia kina gani. Usimpeleke mtu yeyote kwenye nidhamu kwa utakachokikuta humo, ukifanya hivyo mara moja tu umeshafunga mdomo wa kiwanda kizima kwa miaka miwili.

Pili nenda usiku. Mameneja wengi wa sefti wanajua kiwanda cha saa tatu asubuhi, kile kiwanda kimefagiliwa. Kiwanda chenyewe ni kile cha saa nane usiku, supavaiza kalala, taa mbili zimeungua, fundi umeme ni mmoja kwa majengo yote na mashine ikikwama kijana anaingiza mkono inazunguka kwa sababu kuizima mpaka kuiwasha tena ni dakika ishirini na tageti haisubiri. Na ukienda usivae ile helmeti nyeupe ya wakubwa, inaonekana toka mbali, kuna sehemu nilikuwa nikipanda ngazi nasikia filimbi, nikifika kila mtu kavaa glavu na miwani kama watoto waliosikia mwalimu anakuja.

Ukiwa pale usiulize "mnafuata taratibu?" maana utajibiwa ndiyo. Uliza "kazi gani hapa ukiambiwa uifanye unaomba Mungu kwanza?" Hilo swali halijawahi kuniangusha. Watakuonyesha moja kwa moja, tena kwa kidole.

Majibu yatakuwa yaleyale karibu kila kiwanda, kwa sababu vitu vinavyoua watu kazini sio vingi. Kuingia kwenye tanki au shimo, kurekebisha mashine ambayo haijazimwa na kukatiwa umeme, kufanya kazi juu, malori na foklifti kuchanganyika na watembea kwa miguu, na chochote chenye presha au kemikali, iwe boila au mitungi. Hivyo vishughulikie kwa nguvu zako zote mwaka wa kwanza, mambo ya kushika reli ya ngazi na kuegesha gari kinyumenyume yatakuja baadaye, sisemi ni mabaya, ila nimeona kampuni ina bango la kushika reli kila kona na haina kipima gesi hata kimoja.

Hili la mashimo nikae nalo kidogo maana ndo linaloua kijinga kuliko yote. Kila mtu huku kwetu keshasikia habari ya chemba au kisima, kaingia mmoja kaanguka, wa pili kamfuata kumuokoa kaanguka, wa tatu naye. Kwenye viwanda ni vilevile, tanki la molasesi, shimo la maji machafu, silo. Hewa ya kawaida ina oksijeni kama asilimia 20.9, ikishuka chini ya 19.5 mtu haruhusiwi kuingia, na huwezi kujua kwa pua. Ile gesi ya mashimo ya maji machafu, haidrojeni salfaidi, inanuka kama yai bovu ikiwa kidogo, ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa, yaani harufu ikipotea ghafla mtu anafikiri hewa imekuwa safi kumbe ndo anakufa. Kwa hiyo pima kabla, pima juu, kati na chini maana gesi nyingine nzito zinalala chini, endelea kupima mtu akiwa ndani, weka mtu wa kusimama mdomoni ambaye kazi yake ni moja tu, na huyo wa mdomoni afundishwe mpaka kichwani kwamba yeye HAINGII hata akimuona mwenzake anaanguka, anavuta kamba na kuita. Hii sehemu ya mwisho ndo ngumu, kwa sababu sisi tumelelewa kukimbilia kuokoa, na mtu anayesimama nje anaonekana hana utu. Fanya mazoezi nayo, na kamba kweli, na mtu mzito kweli, utashangaa vifaa mlivyonunua haviwezi kumtoa mtu wa kilo 90 kupitia mlango ule.

Kwenye mashine, kila fundi awe na kufuli lake mwenyewe na ufunguo wake mfukoni, akizima swichi anafunga, wakiwa mafundi wanne basi makufuli manne, hakuna anayefungua la mwenzake. Kibao cha "usiwashe" bila kufuli ni karatasi. Gharama ya makufuli kwa viwanda vyote vitatu haifiki bei ya hiyo sherehe ya ng'ombe, na hilo mwambie mkurugenzi hivyohivyo.

Na vibali vya kazi, yaani ile karatasi ya kuruhusu kazi hatari ianze, soma habari ya Piper Alpha. Ni jukwaa la mafuta na gesi kwenye Bahari ya Kaskazini, upande wa Uskochi, tarehe 6 Julai 1988 watu 167 walikufa. Chanzo kilikuwa kitu cha kawaida kabisa, pampu moja ilikuwa imetolewa vali yake ya usalama kwa matengenezo, pale pakazibwa kwa muda na kifuniko cha chuma, zamu ya mchana ikaondoka, zamu ya usiku pampu ya pili ilipogoma wakaiwasha ile ya kwanza kwa sababu hawakuwa na habari ya ile vali. Kibali kilikuwepo! Karatasi ilijazwa, ila haikukutana na mtu aliyeihitaji. Sasa wewe fanya hivi, nenda ofisi ya vibali saa moja kamili zamu zinapobadilishana, simama tu kimya uone wanakabidhiana nini. Ukikuta wanasaini vibali kumi kwa mpigo bila mtu kutoka kwenda kuangalia kazi ilipo, basi huna mfumo wa vibali, una mfumo wa kutafuta wa kumlaumu baadaye.

Vifaa vya kujikinga nitavisema haraka. Gambuti, glavu, helmeti, riflekta, vyote vizuri, ila ni ngazi ya mwisho na sio ya kwanza. Kwanza jiulize hatari inaweza kuondolewa kabisa? Haiwezi, inaweza kubadilishwa na kitu chenye nafuu? Haiwezi, inaweza kuzuiwa kwa ukuta, kava, feni ya kunyonya vumbi? Halafu ndo utaratibu na mafunzo, halafu ndo kifaa mwilini. Kampuni nyingi zinaanza chini kwenda juu kwa sababu kununua helmeti ni rahisi kuliko kuzungushia mkanda kava. Mfano kelele, ikizidi desibeli 85 kwa zamu ya masaa manane masikio yanaanza kufa polepole, na kipimo cha bure ni kwamba ukilazimika kupaza sauti kumsemesha mtu aliye hatua moja mbele yako, hapo pengine umeshavuka. Kumpa mtu vizibo vya masikio ni sawa, ila nimewahi kuona kelele ya mashine nzima ikishuka kwa kubadilisha beringi mbovu na kukaza bati lililolegea. Fundi wa pale alikuwa analijua hilo bati, hakuwahi kuulizwa.

Sasa vibarua na watu wa makandarasi. Hapa naomba unisikilize vizuri. Wale 15 wa Texas City niliowataja juu, wote walikuwa watu wa makandarasi, hakuna hata mmoja aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda chenyewe, walikuwa kwenye na karibu na vibanda vya muda vilivyowekwa pasipostahili. Kwenye hiyo 2,300 yako, wangapi wanapangwa getini asubuhi na kuchaguliwa kwa macho? Nina hakika kwenye zile siku 312 hao hawamo, akiumia kibarua anaambiwa apumzike na kesho anachukuliwa mwingine, na bodi inaendelea kuhesabu. Wahesabu wote kuanzia kesho. Na utakuta kazi chafu zote, kusafisha tanki, kupanda paa, kukwangua boila, wanapewa hao hao ambao mafunzo yao yalikuwa dakika tano pale kwa mlinzi. Kibarua ambaye hajui kama kesho ataitwa hawezi kukataa kazi hatari hata umuandikie haki hiyo kwenye ukuta wa dhahabu, kwa hiyo kwake yeye wewe ndo unakuwa mdomo, au unampa mkataba wa muda unaoeleweka. Na makandarasi, angalia nani anawachagua. Kama ni watu wa manunuzi kwa bei ya chini peke yake, umeshanunua ajali ukasaini na risiti.

Upande wa mazingira wengi wanauchukulia kama mtoto wa kambo, miti miwili mitatu siku ya mazingira na picha. Wewe anza na geti la nyuma. Mapipa matupu ya kemikali yanaenda wapi? Oili chafu anachukua nani? Huku kwetu pipa la bluu lililokuwa na kemikali linauzwa mtaani na mama anahifadhia maji ya kunywa, sote tumeona, na mara nyingi ni watu wetu wenyewe wanauza kama kakipato kadogo. Toboa kila pipa kabla halijatoka, na mkabidhi mtu mwenye kibali, uandike. Halafu fuata mtaro wa maji machafu kwa miguu mpaka unapoishia, usiamini ramani, pita mvua ikinyesha maana mvua ndo muda ambao watu wengine wanafungua vali.

Na kama unataka kujua bei ya kutomsikiliza mleta habari mbaya, tazama mtaa wa Owino Uhuru pale Mombasa. Phyllis Omido aliajiriwa mwaka 2009 na kiwanda kilichokuwa kinayeyusha betri za zamani kutoa madini ya risasi, akapewa kazi ya kusimamia ripoti ya athari za mazingira, ripoti ikaonyesha kiwanda kiko karibu mno na makazi, akashauri kihamishwe. Wakubwa wakamtoa kwenye hiyo kazi wakampa nyingine. Baadaye mtoto wake mwenyewe akaugua, ikagundulika ana sumu ya risasi iliyopitia kwenye maziwa ya mama. Akaacha kazi akapambana, mwaka 2015 akapata tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa ikaamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Fikiria kama mtu mmoja tu pale ofisini angesema hebu tusome hii ripoti ya huyu dada.

Sheria nisikuchoshe, unazijua au utazisoma wikiendi moja. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 ambayo OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wanaisimamia, usajili wa sehemu za kazi, wawakilishi wa usalama, vipimo vya afya kabla na wakati wa ajira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, hao ni NEMC, wasimamizi wa mazingira wa serikali. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na hapa angalia kitu kimoja, yule aliyefichwa kwa bajaji na duka la dawa hana pa kudai kidole kikija kupooza, maana kwenye karatasi hajawahi kuumia, kwa hiyo kuficha sio tu takwimu, ni kumuibia mtu fidia yake. ISO 45001 na 14001, vile viwango vya kimataifa vya usalama kazini na mazingira, ni nzuri kama mifupa, ila odita anakuja siku tatu kwa mwaka na anatembezwa na wewe. Wakaguzi wa OSHA nao wasikutishe, mimi nilikuwa nawapa namba yangu na kuwaambia wakiona baya wanipigie kabla hawajaandika na wakishaandika wanipigie pia.

Halafu kuna kitu utakisikia kila siku, "ajali haina kinga". Utaambiwa na dereva, utaambiwa na mkurugenzi, utaambiwa msibani. Usibishane na methali hadharani utaonekana huna adabu, ila ukikaa kikao cha uchunguzi usikubali iandikwe kama chanzo, na usikubali ndugu yake wa kizungu naye aandikwe, "uzembe wa mfanyakazi". Uliza tu mtu mwingine mwenye akili timamu akiwekwa palepale, na tageti ileile, na taa ileile, angefanya nini. Kama angefanya vilevile, chanzo bado hamjakipata.

Sasa bodi. Usiitoe wiki ya kwanza, utakuwa umemvua nguo aliyekuweka. Nenda kwa mkurugenzi ukiwa na zile karatasi tatu, vocha, kitabu cha zahanati, rejista, uziweke mezani kwake faragha, usiongee sana. Mpe mfano wa Paul O'Neill, huyu alichukua uongozi wa Alcoa, kampuni ya aluminiamu ya Marekani, mwaka 1987, akawaambia wawekezaji kitu cha kwanza ni usalama, wengine wakaona kachanganyikiwa, na kampuni ikaja kupata faida kubwa kweli. Ila sehemu ninayoipenda mimi sio faida, ni kwamba mwaka 1996 alimfukuza mmoja wa mameneja wake wakubwa, mtu anayeingiza hela, kwa sababu kulikuwa na tukio la wafanyakazi kudhurika na hewa chafu kwenye kiwanda cha Mexico na habari hazikufikishwa juu.

Halafu mwambie mapema, kabla hajashtuka, kwamba ukianza kazi sawasawa namba zitapanda. Miezi sita ya kwanza majeraha yaliyoandikwa yataongezeka mara mbili mara tatu, na zile fomu za chupuchupu, za mtu aliyekoswakoswa, zitatoka sifuri kwenda mamia, na kule makao makuu watapiga simu kuuliza kulikoni. Makubaliano yawe kabisa kwamba simu hiyo anaipokea yeye. Akikubali, ukifika wakati chora bodi upya kwa chaki ileile, badala ya siku bila ajali andika mmeambiwa hatari ngapi mwezi huu na ngapi zimerekebishwa, na majina ya waliosema kama wao wenyewe wameridhia. Asipokubali kuipokea hiyo simu, niandikie tena, hayo yatakuwa mazungumzo ya aina nyingine na pengine tutaanza kuongelea wasifu wako wa kazi.

Ng'ombe msimfute lakini. Mchinjeni tu, siku mtakayomaliza kufunga makava kwenye mikanda yote, na vibarua wakae meza moja na nyie.